Shamsi, Una Kiu?

Kambi ya Mkonge, Tanga
29 Januari 1956

Kwa ndugu yangu Shamsi, mtoto wa mama mkubwa,

Salamu zangu zikufikie hapo mjini, na shikamoo ya Mama Mkubwa umfikishie mpaka mkononi, usiiache mlangoni. Mimi ni mzima, ila kidole kimoja cha mkono wa kulia kimevimba kwa mwiba wa mkonge. Ukiona mwandiko umelala ujue ni hicho, si ulevi. Mama ameniletea barua kutoka Makunduchi, kaandikiwa na mwalimu wa chuo cha Kurani. Anasema mbuzi amezaa pacha na paa limeezekwa upya upande wa jikoni. Huku hakuna jipya. Tunakata majani tangu alfajiri, utomvu unawasha mpaka masikioni, na nyapara wetu haiti mtu kwa jina, anaita namba. Nilipofika nilichukia kuitwa namba. Baadaye niliona ni rehema, maana hapakuwa na mtu wa kuuliza Pandu ni nani na alifanya nini kwao.

Sasa rehema hiyo imekwisha, na ndiyo sababu ya barua hii.

Jumapili iliyopita ilikuja gari ya sinema. Walifunga milango ya ghala mchana, wakatundika shuka, tukakaa juu ya marobota. Sinema yenyewe haina sauti. Bwana mmoja alisimama kando ya shuka na bomba la bati, anasema maneno ya watu wote, wa kike na wa kiume. Alitutangazia kuwa ni sinema ya kwanza ya Abrahman, mpiga picha wa Mkunazini, jina lake Wezi Wenye Adabu. Nilifurahi kuona mtu wa kwetu. Nikawapa wenzangu sifa za mji kabla haijaanza.

Wakatokea vijana wawili wa shamba, wachukuzi, wametoka kutazama sinema za wezi na sasa wanajifunza kutembea kwa ncha za vidole. Mmoja anajikwaa kwenye kanzu yake. Nilicheka na mimi. Kisha bwana wa bomba akamwita yule mjinga kwa jina lake, Pandu, na mimi nikaacha kucheka.

Unajua yaliyobaki, lakini nayaandika ili tusije tukasema kila mtu alikuwa na habari yake. Tulimbebea mizigo Bi Mwanakheir, yule mjane Mtumbatu wa Kiponda, siku aliyorudi Hija. Alitupa kila kitu tumbebee isipokuwa kisanduku kimoja cha mkangazi, alichokipakata mwenyewe mpaka kwake. Tukasema ni dhahabu. Siku ya tatu tukaenda baada ya adhuhuri, watu wamelala, mlango uko wazi. Tulikubaliana kunyata. Nikainua mguu kuvuka kizingiti, na ulimi wangu, bila kuniuliza, ukasema, "Hodi."

"Karibuni, wanangu," akajibu.

Hilo ni langu na silikatai. Mama alinifundisha nisiingie nyumba ya mtu kimya, na hakunifundisha namna ya kuiba. Basi tukaketi kwenye busati, tukanyweshwa chai na mkate wa kumimina, tukaulizwa sisi ni wa nani. Wewe ulijiita Juma wa Mkokotoni. Mimi nilitaja mpaka jina la babu.

Yote hayo yamo kwenye shuka ya Abrahman, Shamsi, mpaka idadi ya vikombe. Watu mia mbili walicheka mpaka robota nililokalia likatikisika. Tangu siku hiyo hawaniiti namba tena. Nikifika bombani kuchota maji wananiambia, "Piga hodi kwanza, Pandu."

Nyumbani mwa Bi Mwanakheir siku ile tulikuwa watatu. Yeye hakumwambia Abrahman ulichokuwa ukininong'oneza, maana hakukisikia, na hicho nacho kimo. Mimi niko Tanga. Nimekuona pia kwenye shuka, umevaa kanzu iliyopigwa pasi, na pengo lako nalijua kwa sababu jino hilo nilikung'oa mimi kwa jiwe tukiwa wadogo.

Sisemi zaidi. Nakuomba jambo moja tu. Niandikie kwa mkono wako sinema hiyo inaishaje. Niandikie nani anarudisha kisanduku.

Ni mimi nduguyo,
Pandu Simai


Mkunazini, Unguja
11 Machi 1956

Kwa mpenzi ndugu yangu Pandu,

Baada ya kukusalimu na kukuombea afya, nakuarifu kuwa mimi na Mama hatujambo, ila kifua chake kinamsumbua panapo baridi. Anasema marahaba na anakuombea dua. Barua yako imechelewa kunifikia kwa kuwa sikai tena Ng'ambo. Nimehamia chumba cha juu ya duka la Abrahman, dirisha linatazama barabara. Kwa hiyo usidhani nimekupuuza.

Pole kwa kidole. Ukikande kwa maji ya chumvi.

Nimesoma malalamiko yako nikasikitika. Ndugu yangu, sinema ni sinema. Abrahman ni fundi, anasikia jambo huku, anasikia jingine kule, anaunganisha. Kisa cha kisanduku kila mtu hapa mjini anakijua, maana kilifika mahakamani. Na jina la Pandu, akina Pandu ni wangapi Unguja hii? Ukisimama sokoni ukaita, wataitika kumi. Wewe ndiye unayejitia ndani.

Kuhusu mwisho, ni mwisho mzuri sana. Watu wanatoka wanapangusa machozi. Hata watu wazima wenye heshima zao wamenishika mkono barabarani.

Mimi sasa ni msaidizi wa Abrahman. Nashika taa, nasafisha vioo, na nikivaa viatu vyangu vya kamba watu wananiamkia kama karani. Nakuletea shati la kaki, bado zima. Katika Idi hii, siku ya pili, sinema yetu itaonyeshwa kwa wanawake peke yao, alasiri, nyumba nzima ya sinema. Hilo si jambo dogo. Ukimpata mwanamke wa mjini umempata mumewe na jirani zake.

Kuna na habari nyingine ya heri, nitakuandikia wakati wake ukifika.

Vumilia kazi, ndugu yangu. Usiruhusu moyo wako kuingiwa na kinyongo.

Wako,
Shamsi


Kambi ya Mkonge, Tanga
4 Aprili 1956

Kwa Shamsi,

Salamu. Mama Mkubwa umwambie nimepata majani ya mvumbasha na nimeyakausha, nitampelekea achemshe kwa kifua chake. Mimi kidole kimepona. Shati nimelipokea, nimempa mpishi wa kambi afunikie sufuria.

Nilikuuliza swali moja, ukaniandikia habari za viatu. Basi nitauandika mimi huo mwisho.

Kwenye shuka, yule Pandu ndiye anayekificha kisanduku chini ya kanzu wakati bibi ameingia jikoni kuwafungia mkate wa kuwapelekea mama zao. Wanakwenda mpaka Bububu, wanagombana njia nzima juu ya dhahabu, huyu anataka baiskeli, yule duka. Wanafungua. Ndani kuna sanda. Bibi wa watu ameifua kwa maji ya zamzam Makka, ameitia kafuri na udi, ameiweka tayari kwa siku yake, na pembeni kuna kichupa cha maji yayo hayo ya kudondoshewa mdomoni saa ya mwisho. Pandu wa kwenye shuka ana kiu. Anakunywa kichupa chote, anajipangusa mdomo. Ndugu yake mrefu mwenye pengo analia, anampokonya kisanduku, anakirudisha, bibi anamsamehe na kumpa halua.

Nilikuwa nimekaa juu ya robota, nakutazama unalia machozi yangu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, maana huenda umeirudia hadithi yako mpaka umeiamini. Aliyekificha kisanduku ni wewe, ukamuaga bibi kwa mkono mmoja. Aliyekunywa ni wewe. Nilikwambia, "Shamsi, hayo ni zamzam." Ukaniambia maji ni maji, ukamaliza. Ukataka tuitupe sanda kwenye mikoko. Mimi niliikunja upya, nikarudi Kiponda peke yangu kwa miguu. Ningeweza kukiacha kisanduku barazani nikaondoka. Lakini mlango ulikuwa mbele yangu, na nilipiga hodi. Ndani mlijaa majirani na askari wawili.

Hakimu aliniuliza mara tatu mwenzangu ni nani. Nilisema simjui, nilikutana naye njiani. Bi Mwanakheir alisimama akaomba niachiwe, hawakumsikiliza, nikala miezi sita. Sikukutaja kwa sababu ya kifua cha Mama Mkubwa. Na bibi yule mpaka leo anadhani mimi ndiye niliyeyanywa maji yake ya kufia, kwa kuwa kichupa nilikirudisha kitupu na sikusema neno.

Nilipotoka jela, watu wa Makunduchi, waliosikia tu kuwa nimekamatwa na kisanduku, waliniita Pandu Sanda. Baba yake Mwanamkasi, niliyekuwa nimemposa, akarudisha vitu vya posa, mkeka na kila kitu, hata kikapu tulichobebea. Ndipo nikaja kukata mkonge.

Hapo naifikia ile habari yako ya heri, ambayo umeandika ukurasa mzima ukiizunguka. Mama amenieleza. Umempeleka mshenga kwa baba yake Mwanamkasi. Mzee huyo ameambiwa wewe ndiye uliyerudisha sanda ya mjane, na amekubali, na harusi ni baada ya sikukuu yetu ya Makunduchi, Siku ya Mwaka.

Umechukua siku moja tu niliyofanya jambo la maana katika maisha yangu, ukaivaa, ukaenda nayo kuposa.

Nakupa mpaka Idi. Nenda kwa baba yake Mwanamkasi umwambie ilivyokuwa. Usipokwenda, mimi sitakwambia nitafanya nini. Ila ujue kuwa huku nina kazi ya mikono tu. Kichwa changu kiko huru kutwa nzima, na kinakufikiria wewe.

Pandu


Mkunazini, Unguja
30 Aprili 1956

Kwa ndugu Pandu,

Nakusalimu katika mwezi huu mtukufu. Funga inakwendaje katika kazi nzito kama hiyo? Mama anakuombea kila baada ya tarawehi. Ameulizia majani ya mvumbasha kama umekwisha kuyatuma.

Barua yako ni kali, na mtu aliyefunga hafai kujibu ukali kwa ukali. Nitasema kidogo tu.

Sikumdanganya mtu. Mbele ya askari mimi na Abrahman tunasema sinema ni mchezo tu. Mbele ya watu wengine hatusemi kitu, na wao wanaamini wanachopenda. Kosa langu ni lipi hapo?

Tufikiri kama watu wazima. Jina lako, ndugu yangu, lilikwisha kuharibika. Hilo limepita, na wewe uko mbali, halikuumi tena. Langu ni zima. Ukilichafua na hili, mama zetu watabaki na nini? Katika ukoo mmoja mtu mmoja akiwa na jina safi wote wanapata kivuli. Nikimuoa Mwanamkasi nitamwambia mazuri yako.

Na huyo baba yake nimwendee nikamwambie nini, baada ya kukubali? Kwamba mkwe wake ni mnywaji wa maji ya maiti?

Ukidhani utapata shahidi, Bi Mwanakheir ni mtu mzima sana sasa. Mbali haoni, na mambo anayachanganya. Nimemtembelea. Aliniuliza mimi ni wa nani mara mbili, nikamwambia ni wa Abrahman. Abrahman ameona litakuwa jambo zuri akihudhuria siku ya wanawake, mwenye kisa mwenyewe. Nilisita, lakini ameshikilia. Basi nimemkodia gari, na nimesema aketishwe mstari wa mbele kabisa kwa heshima yake. Picha ikiisha nitaingizwa mlangoni, anishike mkono mbele ya wanawake wote, na mama yake Mwanamkasi atakuwemo. Unaona mwenyewe sina ninachokiogopa.

Idi njema.
Shamsi


Ng'ambo, Unguja
27 Mei 1956

Pandu,

Salamu sina. Mama anaumwa, na safari hii si kifua.

Unajua kilichotokea, lakini nataka ukisome kama mimi nilivyokisikia, nimesimama nje ya mlango na kanzu mpya, nangojea kuitwa. Mama alikuwa ndani, kanieleza yote huku analia.

Nyumba ilijaa, wanawake na buibui zao mpaka ngazini. Walicheka tangu mwanzo. Penye hodi walicheka mpaka bibi mmoja akatolewa nje kupepewa. Bi Mwanakheir alikaa mstari wa mbele, kama nilivyotaka, pua yake karibu inagusa shuka. Hakucheka. Ilipofika Bububu, yule Pandu akainua kichupa na ndugu yake mwenye pengo akaanza kulia, bibi akagonga fimbo chini.

"Simamisheni hiyo," akasema. "Simamisheni, mimi ndiye mwenye sanda."

Fundi wa mashine alidhani kuna moto, akawasha taa. Bibi akageukia watu. Mama anasema sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Jamani, mimi mbali sioni, ila hapa mbele nimeona vizuri, Mungu awajazie walioniweka. Huyu mrefu mwenye pengo nshamkirimu kwangu. Alikula mkate wangu vipande vinne. Siku ya kurudi kisanduku sikumwona. Aliyerudi ni yule mfupi, alisimama kizingitini machozi yanamtoka, akapiga hodi kama kaja kuposa. Huyu mbona kavaa uso wa mwenzake?"

Mtu mmoja nyuma akauliza, na maji je, alikunywa nani? Bibi akatoa karatasi kifuani. Akasema amesomewa barua kutoka Tanga, na kwamba miaka mitatu alikuwa akimwombea msamaha asiye na kosa.

"Alikunywa mwenye pengo," akasema. "Basi anitafutie zamzam yangu kabla sijafa. Mimi sina haraka, lakini Mungu anayo yake."

Wakati huo ndipo yule mpumbavu wa mlangoni akaona taa zimewaka, akadhani picha imekwisha, akafungua, akaniambia, "Ingia, bwana." Nikaingia, Pandu. Niliingia mkono wangu umenyooshwa mbele. Nikasema, "Shikamoo, bibi."

Wakanigeukia wote. Kisha mmoja, sijui nani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Shamsi, una kiu?"

Sitaandika kicheko kile. Mama yake Mwanamkasi alimshika mwanawe mkono wakapita mbele yangu. Yule binti alifunika mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Sijui alikuwa akicheka au la. Siku ya pili mshenga akarudishiwa kila kitu, na kikapu.

Tangu siku hiyo siwezi kupita Kiponda, wala Mkunazini, wala Malindi. Dirisha la juu linafunguka, sioni mtu, nasikia tu sauti: "Shamsi, una kiu? Tukuteremshie maji?" Juzi wameteremsha kweli, kata ya maji kwa kamba, mbele ya watu. Abrahman ameniondoa chumbani. Anasema atapiga upya nusu ya pili ya sinema, na wewe ukirudi anataka uigize mwenyewe. Mimi ameniambia labda atanipa kazi ya kunywa kichupa.

Barua hiyo uliiandika wewe. Ulikuwa unaniandikia mimi huku unamwandikia na yeye. Unajiita ndugu?

Umepata ulichotaka. Kaa huko huko. Ukija Unguja utamuua Mama kwa aibu, na damu yake itakuwa juu yako.

Shamsi


Kambi ya Mkonge, Tanga
8 Julai 1956

Kwa ndugu yangu Shamsi,

Salamu nyingi, na Mama Mkubwa shikamoo yake. Majani ya mvumbasha nimempa Mtumbatu mmoja aliyekuja huko, atakuwa keshayapata. Achemshe asubuhi na jioni. Nimepata barua yake mwenyewe, wiki tatu zilizopita, kaandikiwa na jirani. Hakunilaani. Ameniuliza tu kwa nini sikumwambia yeye tangu siku ile. Kwa hiyo usinitishe tena na kifo cha mama yako. Ni mzima, ila amekasirika, na hasira yenyewe hainihusu mimi.

Naam, niliiandika. Niliiandika siku moja na ile ya kwanza niliyokupelekea wewe, kabla hujanijibu. Sikuituma. Niliiweka chini ya godoro nikisubiri mwandiko wako. Ilipokuja barua yako ya viatu, nikaiacha hapo hapo. Ilipokuja ile ya jina lako safi na kivuli chake, nilikwenda posta siku hiyo hiyo, na kipande changu, ile kadi ya siku za kazi, nikakosa kutiliwa alama. Ilikuwa na mistari miwili. Bibi, maji yako sikuyanywa mimi, aliyanywa mwenye pengo. Bibi, nakuomba radhi kwa mkate wako.

Sikumwomba aende sinema wala asimame. Nilidhani atanisamehe kimya kimya huko kwake, basi. Gari ulimkodia wewe. Mstari wa mbele ulimweka wewe. Nimeisoma barua yako ya Mei mara nyingi mpaka imechanika pa kukunjia, na kila nikifika hapo unapoingia umenyoosha mkono, nasimama kidogo ili niisikie vizuri. Tulikuwa wezi wabaya sana, Shamsi, lakini wewe peke yako ni mbaya zaidi kuliko tulivyokuwa wawili.

Ungetaka nikwambie nimeridhika. Sijaridhika. Wao wamekucheka, mimi bado sijakufanya kitu. Miezi sita ya jela hukuilala. Mkonge hukuukata. Mwanamkasi hakuacha kuwa mbali nami kwa kuwa wewe umeambiwa una kiu.

Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi huu, na sitatia saini mwingine. Nakuja Makunduchi kwa Siku ya Mwaka. Hukuzaliwa ugenini, unajua uwanja ule ni wa nini. Baba yako ni wa upande wa kaskazini, baba yangu wa kusini, na siku ile ndugu na ndugu wanapigana kwa magogo ya mgomba mchana kweupe, mbele ya wazee, na hakuna anayeitwa mkorofi. Na unajua sharti lake. Ulicho nacho juu ya mtu unakimalizia pale. Lile banda la makuti likisha kuchomwa baada ya mapigano, hakivuki kuingia mwaka mwingine.

Nitakwambia ukweli, hilo sharti limenikosesha usingizi kuliko mkonge. Nimefikiri nisije, ili nikuchukie mwaka mmoja zaidi. Nimekuzoea hivyo. Nikiinua panga nakuona, nikilishusha nakuona, na kazi inakwenda. Sijui baada ya uwanja ule nitakata kitu gani nikimfikiria nani. Lakini nimechoka, na mgomba mmoja mbichi ni mzito wa kutosha kwa miaka mitatu, nikipewa nafasi ya kuuchagua mwenyewe. Kwa hiyo nimekwisha kumwandikia Mama aniangalizie mmoja mnene pale nyuma ya kisima.

Abrahman mwambie kuigiza siigizi. Akitaka kunipiga picha, aje na mashine yake uwanjani, asimame karibu, na awe na ukanda wa kutosha.

Najua utafikiri kujificha. Utasema unaumwa, utajifungia kwenu Ng'ambo siku hiyo. Usijisumbue. Nitashuka melini mapema, nitapitia kwenu kukuchukua twende sote shamba.

Ule mlango wenu naujua unavyofungwa. Na safari hii, Shamsi, sitapiga hodi.

Nduguyo,
Pandu Simai